Hisa 960 za baba: duka litabaki mikononi mwa nani?

Mtoto wa Dukani
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Kampuni yetu ya vifaa vya ujenzi hapa Tanga ina hisa 1,000. Baba, ambaye ana miaka 74, anamiliki 960 na mimi 40. Mama yu hai, nasi watoto tuko wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Kwa miaka 18 funguo za ghala na daftari la wadaiwa viko kwangu, lakini kila nikigusia umiliki, baba hunijibu kwamba mirathi imekwisha kugawa. Je, akitangulia, nani atakuwa na kauli?

Mhasibu Mstaafu
Mzee amesema kweli, ila hesabu hakuifikisha mwisho. Ikiwa wazazi wake hawapo tena, mama atapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, hisa 120, na zile 840 zitagawanywa hivi: kila mvulana 280, kila msichana 140. Ukijumlisha na 40 zako utakuwa na 320, na hata mama akisimama upande wako mtafika 440, ambazo hazipitishi azimio la kawaida linalotaka zaidi ya nusu ya kura, sembuse azimio maalumu linalodai robo tatu ya kura. Wasia nao hauwezi kumwongezea mrithi mmoja bila wenzake kuridhia. Hiba inawezekana mzee angali hai na mwenye akili timamu, mradi uhamisho wa hisa ukamilishwe TRA, yaani mamlaka ya mapato, na BRELA, wasajili wa kampuni, usiishie kwenye karatasi iliyofungiwa kabatini.

Dada Mwanahisa
Naomba niwasemee hao wenye 140. Kwetu kaka ndiye aliyeendesha biashara, na kwa miaka tisa hatukuona gawio hata la shilingi moja, tukiambiwa faida inarudi dukani, huku mshahara wake ukipanda kila mwaka. Nilipotaka kuuza hisa zangu nilikuta katiba ya kampuni inawapa wanandugu nafasi ya kwanza ya kununua, lakini haisemi bei ipatikaneje. Tulivutana mwaka mzima. Andikeni kwanza namna ya kuthamini hisa na sehemu ya faida itakayogawiwa, ndipo mzungumzie uongozi.

Mhasibu Mstaafu
Dada ana hoja, na nakiri mimi nilitazama kura tu. Kongo Gumi ya Japani, wajenzi wa mahekalu tangu mwaka 578, walipokosa mwana anayefaa walimpa mkwe jina la ukoo na uongozi. Kilichowaangusha mwaka 2006 ni madeni, wala si ugomvi wa warithi. Mwendeshaji anaweza kuchaguliwa kwa uwezo wake bila mwenye hisa kupoteza chake.

Mtoto wa Dukani
Hiyo 440 sikuwahi kuipigia hesabu. Mdogo wangu anatoka Muscat mwezi wa Ramadhani, na nitamwomba baba tukae sote, dada zangu wakiwemo, maana mshahara wangu mwenyewe nimejipangia na hakuna aliyewahi kuulizwa.