SSH, Mosh au konsoli ya iLO: ipi ya kusimamia seva ya Moshi ukiwa Arusha?

Sakina_Juu
Wakuu, habari za jioni. Nahudumia duka la vifaa vya ujenzi lenye tawi Arusha na Moshi. VPS (seva ya kukodi) iko Frankfurt, inabeba tovuti na barua pepe, na seva moja ya ProLiant iko chumba cha nyuma tawi la Moshi, inaendesha mfumo wa stoo. Zote zinatumia Debian (Linux). Kule Moshi intaneti ni ya laini ya simu, haina IP ya umma, kwa hiyo ruta ya MikroTik ya pale inapiga WireGuard (VPN) hadi VPS, nami napitia humo. Naingia kwa SSH (njia ya kuamrisha seva kwa mbali), kwa programu ya PuTTY na nywila. Nikiwa njiani mtandao ukiyumba, dirisha linaganda na kazi iliyokuwa inaendelea inakufa nayo. Mmoja kaniambia nihamie Mosh (mbadala wa SSH), mwingine kasema washa iLO iliyo ndani ya ProLiant. Nichukue ipi? Bajeti ni ndogo, bosi haoni faida ya kitu asichoweza kukishika.

FundiNjiro
Mkuu, kabla ya yote nywila iondoe leo. Poti 22 iliyo wazi inabishwa hodi na roboti usiku kucha, fungua `journalctl -u ssh` ujionee. Tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, uujaribu, ndipo uweke `PasswordAuthentication no`.

PuTTY haina ubaya, ila Windows 10 na 11 zinakuja na OpenSSH ndani. Raha yake ni faili la `config`:

```
Host stoo
  HostName 192.168.88.10
  User fundi
  ProxyJump frankfurt
  ServerAliveInterval 30
```

Weka na `frankfurt` yenyewe humo humo. Ukiandika `ssh stoo` inajipitisha kwenye VPS mpaka Moshi.

mama_seva
Mosh mpe haki yake. Inaanza kwa SSH kukutambua, kisha inahamia UDP (njia nyepesi ya kutuma data), poti kati ya 60000 na 61000. Ukitoka Wi-Fi kwenda bando IP ikabadilika, sesheni iko palepale. Halafu herufi unaiona ukibonyeza, hata kama jibu la Frankfurt bado liko njiani. Ukipita Usa River kwenda Boma Ng'ombe huku unahariri faili, utaniombea dua. Madhaifu: hairudishi maandishi yaliyopanda juu ya skrini, na haibebi mafaili.

FundiNjiro
Dada, hapo nakupinga. Mosh haipiti ProxyJump. Itamfikisha Frankfurt, kutoka hapo bado aandike `ssh` kwenda Moshi. Na tatizo alilolitaja ni kazi kufa, hilo dawa yake ni tmux, programu inayoshikilia kazi ndani ya seva: `tmux new -s stoo` kwenye seva, mtandao ukikata unarudi na `tmux attach -t stoo`, unakuta `apt upgrade` inaendelea kama hukuondoka.

mama_seva
Aliyekaa kwenye faiba lazima aseme hivyo 😄 tmux haiondoi kuganda kwa kibodi. Natumia zote mbili.

Kibosho_Online
Mnabishania viatu wakati mlango ni mmoja. sshd (programu ya seva inayopokea SSH) ikikataa kuwaka, au keneli mpya (kiini cha Linux) ikigoma, au mtu akawasha ufw (ukuta wa moto) kabla ya kuruhusu poti 22, Mosh haianzi, PuTTY haiingii, na tmux yako iko ndani hujui utaifikiaje. Hapo ndipo unapanda gari kwenda Moshi.

iLO ni kompyuta ndogo ndani ya seva, ina poti yake ya mtandao na inaishi hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme upo. Kuzima na kuwasha kwa mbali ni bure. Konsoli ya picha ndiyo inayodai leseni ukishavuka hatua za mwanzo za kuwaka. Usinunue. Ingia iLO kwa SSH, andika `vsp`, utapata konsoli ya maandishi (kutoka ni ESC kisha mabano `(`). Kwenye GRUB (kianzishi cha mfumo) ongeza `console=ttyS1,115200`, au ttyS0 kutegemea BIOS yako, bila hiyo utatazama skrini tupu. iLO ikiwa kongwe OpenSSH mpya itaigomea. Toka toleo 8.8 la 2021 saini za aina ya zamani, ssh-rsa, zimezimwa, kwa hiyo ongeza `-o HostKeyAlgorithms=+ssh-rsa`.

Sakina_Juu
Kumbe bure! Niifungulie poti kwenye ruta?

Kibosho_Online
Usithubutu. Ipe 192.168.88.11, uipitie kwenye WireGuard hiyohiyo. MikroTik na modemu ziweke kwenye UPS ndogo, maana ruta ikizimika hata iLO huioni. Na kwenye BIOS weka seva ijiwashe umeme ukirudi.

FundiNjiro
Hapo kwa iLO sina neno. Nyongeza moja: kabla ya kugusa ufw mbali, `echo "ufw disable" | at now + 10 minutes`. Ukijifungia nje, subiri dakika kumi itafunguka. Ukigusa `sshd_config`, `sshd -t` kwanza, na dirisha la zamani usilifunge mpaka jipya liingie.

Sakina_Juu
Nimewaelewa: funguo na tmux leo, iLO nikishuka Moshi Jumamosi. Mosh nitaiweka VPS tu. Je, VPS yenyewe ikinigomea?

mama_seva
Watoa huduma wengi wana konsoli kwenye kivinjari. Ijaribu sasa, usingoje siku ya shida. Inataka nywila, funguo hazifanyi kazi pale, kwa hiyo hakikisha kuna akaunti yenye nywila unayoikumbuka. Na angalia mpangilio wa kibodi: ukiwa wa Kijerumani, Y na Z zimebadilishana, na alama kama @ haziko unapozijua.