Tupeane uzoefu: Imani katika Kristo ilikubadilisha nini, na badiliko hilo limedumu?

Mleta mada

Wakuu, shalom kwa wenye shalom, na salamu kwa wengine wote.

Shuhuda za siku ya kuokoka tumezisikia mpaka tumezikariri: machozi, mikono juu, mtu kaanguka madhabahuni, wiki mbili baadaye yuko palepale. Mimi natafuta zile za mwaka wa tano, wa kumi. Ni kitu gani kilibadilika kikabaki kimebadilika? Na nani alikiona kabla hujajitangaza?

Naanza mwenyewe. Nilikuwa mtu wa hasira, tena hasira ya nyumbani tu. Kanisani mpole, naimba besi kwenye kwaya. Nyumbani nikiingiza ufunguo mlangoni watoto wanazima televisheni, kila mmoja anatafuta chumba. Nikaita hiyo heshima. Siku moja nilirudi mapema, mlango haukuwa umefungwa, nikawakuta wanacheka. Waliponiona kicheko kikakatika, na mdogo akakumbatia mto wa kochi kama vile anajikinga. Siku hiyo nilikuwa nimeokoka miaka minne tayari!

Usiku niliwaita nikawaomba msamaha. Mkubwa akaniuliza, "Kwa hiyo leo hutapiga kelele?" Leo. Ya kesho hakuyauliza.

Tangu hapo kila nikifika nasimama nje, nasema Baba Yetu moja taratibu, ndiyo nafungua. Mwaka wa kwanza nilivunja ahadi mara nyingi, na kila mara niliomba msamaha siku ileile. Nilijua kitu kimeshika miaka mitatu baadaye, nilipofungua mlango na hakuna aliyegeuka. Wamenipuuza kabisa, wanaangalia mpira. Sijawahi kufurahia kupuuzwa namna ile. Sasa ni mwaka wa 11.

Karibuni.

Mpanga Viti

Mimi ni pombe. Niliokoka mara tatu, mtanisamehe wenye kuhesabu mara moja.

Mara mbili za kwanza niliacha tu. Mnakumbuka Luka 11, pepo aliyetoka akarudi akakuta nyumba imefagiwa na kupambwa, akaenda kuchukua wenzake saba? Ndiyo mimi. Nilifagia vizuri sana, ila ndani sikuweka mtu. Jumamosi jioni ilifika nimekaa na Biblia mkononi, kila dakika naangalia saa.

Mara ya tatu mzee mmoja wa kanisa hakunihubiria. Alinipa ufunguo wa ukumbi akasema, "Viti vya ibada ya kesho vinapangwa Jumamosi saa moja jioni." Ile saa yenyewe! Nikapanga viti. Nikimaliza ananipigia simu kuuliza vimetosha. Alijua vimetosha, vilikuwa vilevile kila wiki. Amenipigia hivyo karibu miaka miwili.

Nitoke nje ya mada kidogo. Kama unakunywa sana kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani na maji ya kunywa na zaburi. Mwili uliozoea unaweza kuingia degedege, na watu hufa. Mimi nililazwa siku tano, natetemeka. Maombi yalikuwepo na dripu ilikuwepo, na sijaona vikigombana.

Mama Wawili

Naomba niongee kwa upande wa aliyekaa na "aliyebadilika".

Mume wangu aliokoka baada ya mimi kugundua mambo yake ya nje. Kanisa likashangilia, mimi nikanuna. Kila mtu ananiambia, dada, mambo ya kale yamepita. Yamepita kwa nani? Mimi ndiye nilikuwa nayo usiku.

Kitu kilichonigusa ni kidogo, mtacheka. Zamani simu yake ilikaa mezani kioo chini. Ikaanza kukaa kioo juu. Hakusema neno. Nilimpima kwa hiyo simu mwaka mzima, na hakuwahi kuniuliza "bado huniamini?" Siku moja nilimwambia kwa ukali sijui kama nitakuja kumwamini tena. Akajibu, "Ni haki yako, mimi naendelea tu." Zamani angesusa wiki.

Kusamehe nilisamehe mapema, kumwamini kulichukua miaka mitatu. Hayo ni mambo mawili, na wachungaji wanaoyachanganya wanatuumiza. Na dada mwenye kupigwa, wewe toka kwanza uwe salama. Kama ameongoka kweli, ataongoka hata ukiwa mbali.

Thomaso

Mimi si muumini, nauliza kwa heshima. Nina rafiki aliacha sigara bila sala hata moja. Sasa mnajuaje ni Mungu na siyo ninyi wenyewe na umri?

Mleta mada

Mkuu, swali la haki. Wapo wanaobadilika bila imani, na wapo wanaosali miaka 20 wakabaki na ulimi uleule. Sitakudanganya.

Nitakuambia kwangu tu. Zamani nilijirekebisha ili nisiaibike, kwa hiyo nikikosea nilificha au nilimtafutia mwingine lawama. Nilipoelewa kwamba nimesamehewa kabla sijanyooka, ndipo nikaweza kumwambia mtoto wa miaka tisa "nimekosa" bila kuongeza "lakini na wewe". Sehemu hiyo najua haikutoka kwangu, maana nilishaijaribu kwa nguvu zangu. Umri umenipa mvi tu.

Thomaso

Sawa. Sijakubali, ila nimeelewa.

Karani Mstaafu

Niliandika risiti za uongo kazini kwa muda mrefu. Kidogo kidogo, za nauli na vifaa. Baada ya kuokoka niliacha, nikadhani yameisha. Kumbe kila nikisoma Luka 19 nakwama kwa Zakayo. Yule bwana hakusema "Bwana, kuanzia leo sitaiba". Alisema nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Watu wakubwa wa kanisani wakanishauri nitubu kimya kimya, Mungu ameona moyo. Nilitaka sana kuwaamini!

Nilikaa usiku na daftari, nikaorodhesha nilichokumbuka, nikaongeza kwa nisichokumbuka. Nikapeleka. Bosi alisoma karatasi mara mbili, akauliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Nikafukuzwa kazi wiki ileile, na deni nikalilipa kwa awamu miezi 26.

Nilitegemea Mungu angenifungulia kazi bora zaidi, kama wanavyohubiri. Hakufungua. Nilipata ndogo kuliko ile. Ila mke wangu anasema nililala usingizi wa mtoto, yeye ndiye aliyebaki macho anapiga hesabu. Sijui kama nina haki ya kuita huo ushindi wakati gharama alibeba yeye pia. Hilo bado tunalizungumza.

Msoma Historia

Nyongeza fupi kwa wanaojilaumu kwamba wanakawia. John Newton, nahodha Mwingereza, aliihesabu dhoruba ya Machi 1748 baharini kuwa mwanzo wa kumgeukia Mungu. Baada ya hapo akaendelea na biashara ya watumwa! Akawa nahodha wa meli za watumwa mpaka 1754, na aliacha kwa sababu ya ugonjwa, dhamiri ilikuja baadaye. Akawa mchungaji 1764. Kijitabu cha kukiri hadharani ubaya wa biashara ile alikitoa 1788. Miaka 40 tangu dhoruba.

Wengine humtaja kama mfano wa badiliko la usiku mmoja. Mimi naona ni onyo. Mtu anaweza kusali kwa dhati huku chini ya sitaha kuna watu kwenye minyororo, na asisikie.

Mpanga Viti

Hiyo ya mwisho imenikaa.

Msomaji Kimya

Huwa nasoma tu, leo nachangia. Nina kaka yangu hatujaongea miaka sita, sababu ni mirathi. Mathayo 5 inasema uache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako. Nimekuwa natoa sadaka kila Jumapili na kuruka mstari huo. Jana nimeandika ujumbe, umefika kurasa mbili, sijautuma.

Mleta mada

Ndugu, usome tena. Futa kila sentensi inayoeleza kosa lake.

Msomaji Kimya

Nimefuta. Zimebaki sentensi mbili.

Mama Wawili

Tuma hizo mbili.