Kampuni ndogo za ndege za kukodi pale Uwanja wa Wilson, Nairobi, zinaishije?

Mpita_Langata:
Wazee, habari. Kila asubuhi nikipita Barabara ya Lang'ata naona Caravan, zile ndege ndogo za injini moja, zikipaa Wilson, nyingine za kampuni ambazo sijawahi kusikia zikitajwa popote. Mwenye ndege mbili tatu analipaje mafuta na marubani? Halafu huyo Wilson alikuwa nani, rubani?

KijanaWaPwani:
Watalii, kaka. Nyumbu wakivuka Mara, pesa inaingia. Hakuna siri.

SpanaMzee:
Watalii ni msimu, kijana wangu. Mvua za masika zikianza, kambi kadhaa hufunga, lakini bima haifungi.

Wilson alikuwa mama. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways Nairobi mwaka 1929, rubani wake akiwa Tom Campbell Black, yule aliyekuja kushinda mashindano ya London hadi Melbourne mwaka 1934. Walianza na Gipsy Moth, kindege cha mbao na kitambaa kinachobeba rubani na abiria mmoja. Hebu piga hesabu ya faida hapo! Kilichowapa uti wa mgongo ni barua. Ndege za Imperial Airways kutoka Uingereza zilipita Kisumu, na Wilson Airways wakawa wanasambaza barua hizo kwingine Afrika Mashariki. Vita vilipokuja, ndege zao zikachukuliwa na jeshi, kampuni ikafa mwaka 1940. Uwanja wenyewe ulipewa jina lake mwaka 1962.

Miaka yangu ya karakana imenionyesha kwamba mambo hayajabadilika. Anayekodi ndege mara moja ni mboga. Unga ni mkataba. Ukimpeleka mtu Lodwar, kule kaskazini, akabaki huko, ndege inarudi tupu huku ikinywa mafuta yale yale, kwa hiyo bei yake lazima ibebe njia zote mbili. Na kila saa ya kuruka kuna pesa ya kuweka kando kwa ajili ya injini. PT6, ndiyo injini ya Caravan, kwa kawaida hufunguliwa yote kukarabatiwa baada ya saa 3,600 za kuruka, na bili yake hailipwi kwa pesa za mfukoni. Ndiyo maana wenye akili hukimbilia mashirika ya misaada, wagonjwa, au mzigo wa kila siku.

Ila mteja mmoja naye ni hatari. Somalia ilifunga mlango wa miraa Machi 2020, ikaufungua Julai 2022. Muulize mwenye ndege aliyekuwa akipeleka miraa Mogadishu pekee alikula nini.

Mpita_Langata:
Shukrani mzee. Sasa mbona abiria wanatubana mizigo kilo 15 na begi laini? Si tamaa hiyo?

SpanaMzee:
Si tamaa. Grand Caravan ya kawaida hairuhusiwi kupaa ikizidi kilo 3,969, ukihesabu ndege, mafuta na watu. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi zaidi, na ndege inakula njia ndefu kabla ya kunyanyuka. Sanduku gumu halikunjiki kwenye lile sanduku la mizigo la chini ya tumbo, basi linaishia kuacha nafasi tupu pembeni. Na wakikupandisha mizani wewe mwenyewe, panda tu, usidanganye kilo. Rubani anatumia namba hiyo kupanga nani akae wapi.

KijanaWaPwani:
Kumbe ndiyo maana mimi hupelekwa mbele kila mara 😂