Mrejesho: maombi yangu ya kuwa ofisa rubani wa Jeshi la Anga Kenya

Habari wakuu. Niliuliza hapa mambo mawili: uzito wangu wa kilo 52, na "mjomba" aliyetaka pesa anipitishe kwenye usajili wa makadeti.

Ya mjomba yaliisha siku ileile. Mliniambia usajili ni bure, nikamfungia simu. Asanteni sana.

Uzito nao ulikubali. Kiwango cha chini cha wanaume ni kilo 54.55, uji wa asubuhi, ndizi, maharagwe kila usiku, nikafika 55 na nusu. Urefu nilikuwa nao, mita 1.60 nimeipita kidogo.

Kilichonikwamisha ni macho. Dada mmoja alinishauri nikapimwe mapema, nikapuuza kwa sababu nasoma hata namba za matatu ya mbali. Kumbe kuna kile kitabu cha vidoa vya rangi, cha kupima kama unatofautisha rangi; namba imefichwa kwenye vidoa. Ukurasa wa kwanza nikasoma 12 kwa madaha (hiyo huonwa na kila mtu!), uliofuata nikaona vidoa tu. Urubani ukaishia hapo.

Dada, ulisema kweli. Wanaojiandaa, anzeni na daktari wa macho, uji baadaye.