Kalenda ya magari: sita wanaandika, mmoja anakataliwa

Karani_Usafiri
Habari za kazi wapendwa. Naombeni msaada, jambo hili limeninyima raha wiki nzima.

Mimi ni karani wa usafirishaji kwenye ofisi moja hapa Arusha. Tuna magari manne na kalenda moja ya pamoja kwenye Outlook. Anayetaka gari anaandika safari yake humo. Mwezi uliopita fundi wetu aliunda kundi la watu saba, akalipatia kundi hilo ruhusa ya kuhariri. Sita wanaandika bila shida. Wa saba, dada yetu wa uhasibu, anaona safari zote, ila akitaka kuweka ya kwake anaambiwa hana ruhusa. Kwenye kundi yumo, nimehakikisha mara mbili.

Basi ikawa ananipigia simu nimwandikie. Jumatatu nilikuwa benki, sikuipokea. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi watu wa Karatu na yeye wa Monduli wamesimama getini na mabegi, wote wanangoja Land Cruiser ileile. Dada wa watu akarudi ndani na mafaili yake kwapani, wenzake wanasema hajui kompyuta. Anajua sana. Hilo ndilo linaloniuma.

Fundi_Mtaani
Pole. Kwanza aifungue kalenda hiyo kwenye kivinjari. Ikikubali huko, basi kompyuta yake imeshikilia nakala ya zamani. Aitoe kalenda kwenye orodha yake, aiongeze upya. Ikigoma na huko, ruhusa zenyewe ndizo zina kasoro.

Karani_Usafiri
Amejaribu sasa hivi nikiwa naye. Imegoma.

BabaZawadi
Apewe ruhusa kamili ya sanduku lote la barua pepe lenye kalenda hiyo. Sisi tulifanya hivyo, dakika mbili tu kazi ikaisha.

Mama_Seva
BabaZawadi, hapo sikubaliani nawe kaka yangu. Ruhusa kamili inafungua barua na kila folda iliyomo. Mtu anataka kuandika safari, ya nini kumkabidhi funguo za nyumba nzima?

Karani, nahisi huyo dada yumo mara mbili. Bofya kalenda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, nenda kwenye ruhusa, usome orodha mstari kwa mstari. Ukikuta jina lake limesimama peke yake nje ya kundi, umeshapata ugonjwa. Exchange, yaani seva inayoendesha barua na kalenda za Outlook, ikimkuta mtu kwa jina lake, inafuata ruhusa ya jina hilo tu. Ya kundi haihesabiki kwake, hata iwe kubwa kiasi gani. Mimi mwenyewe jambo hili lilinisumbua siku mbili kabla sijalielewa, kwa hiyo usimlaumu fundi wako. Futeni mstari wa jina lake, kundi libaki.

Ule mstari wa watu wote wa ofisini msiuguse. Mkiupandisha hadi kuhariri, kila mwenye akaunti hapo ataweza kufuta safari za wenzake.

Kama orodha haifunguki kwako, fundi atumie Get-MailboxFolderPermission, amri ya Exchange inayoonyesha nani ana ruhusa gani kwenye folda. Aangalie pia lugha ya sanduku: kama si Kiingereza, huenda folda haiitwi Calendar, na amri itamjibu kwamba folda haipo.

Karani_Usafiri
Mama_Seva, Mungu akubariki. Jina lake lilikuwepo, mstari wa tatu, ruhusa ya kusoma tu. Alipewa 2022 alipokuja kwa mafunzo ya kazi, kundi likiwa bado halijaundwa. Fundi kaufuta, dada katoka kwenye akaunti yake, kaingia upya. Nilisimama nyuma ya kiti chake: akabofya Alhamisi, akaandika "Mto wa Mbu, saa mbili asubuhi, watu watatu", ikakaa.

Nimeshawaandikia wote waliokuwa getini siku ile, nikawaeleza kosa lilikuwa wapi.