Koordineti za simu: tuache namba ngapi baada ya nukta?

mdau_tandale
Habari wakuu, naombeni msaada. Tunakusanya data za vioski vya maji, mitaro na vyoo vya jumuiya huku Tandale na Manzese, vijana wanatumia simu zao kuchukua koordineti (zile namba za kuonyesha mahali kitu kilipo), sasa faili zikirudi kila mtu kaja na yake, huyu kaandika -6.79 basi, yule -6.79318274650912 mpaka ekseli inajaa. Kiongozi wetu anasema tusikate hata moja maana ndo usahihi wenyewe. Mi naona hizo namba nyingine hazina kazi. Nyie wenye uzoefu mnaacha ngapi?

mpima_wa_mbagala
Acha tano mkuu, sita ukipenda. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, na kila namba unayoongeza baada ya nukta unagawa kwa kumi. Kwa hiyo ukiacha mbili ni kilomita moja na ushee, hapo kioski cha Tandale unaweza kukikuta Manzese. Tatu ni mita 111, nne mita 11, tano mita moja hivi, sita sentimita 11. Longitudo kwetu ni karibu hivyohivyo kwa sababu Dar haiko mbali na ikweta, huko Ulaya ndo inasinyaa sana.
Sasa simu ya kawaida penye uwazi inakosea kama mita 5, na Kariakoo katikati ya maghorofa inakosea zaidi maana mawimbi yanagonga kuta kwanza ndo yaifikie. Namba ya nane tu ni milimita moja, hiyo ya kumi na nne inapima nini? Ni hesabu za kompyuta zile, setilaiti haijaona hivyo.

mama_ramani
Nakazia. Hata OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, inatunza saba tu. Ila waambie vijana waandike pia simu ilikuwa inakosea mita ngapi wakati wanapima, programu nyingi zinaonyesha. Ukiona 30 toka chini ya bati, subiri ishuke ndo uchukue. Namba sita zilizochukuliwa chumbani ni mbaya kuliko nne zilizochukuliwa nje uwanjani.
Na kagueni alama ya kutoa jamani!! Sisi tuko kusini, ukiisahau kioski kinahamia Ethiopia, na ukigeuza latitudo ikae kwa longitudo kinaenda Hispania.

mdau_tandale
Nimeelewa vizuri sana, asanteni. Na soko zima je? au mtaa?

kijana_wa_jangwani
Soko halina nukta moja ndugu yangu, ukiweka ya katikati namba nne zinatosha, ukitaka zaidi ya hapo chora mipaka yake. Mitaro ndo msifanyie mchezo. Huku bonde la Msimbazi maji yanaingia nyumba hii, ya jirani yanaiacha, mita tano ni nyingi mno, kwa hiyo simu peke yake haitoshi, ndo maana Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar, kuanzia 2015 walikuwa wanachora nyumba mojamoja juu ya picha za angani halafu watu wa mtaa wanathibitisha kwa miguu.
Halafu kama mnachanganya na ramani za zamani za karatasi, zile nyingi ni Arc 1960 na simu inatumia WGS84, yaani mifumo miwili tofauti ya kuhesabia koordineti, hapa Dar zinapishana kama mita 300. Hapo hata uweke namba kumi.

mpima_wa_mbagala
Sahihi kabisa, hilo la Arc 1960 linasahaulika sana.

mama_ramani
Mdau, kuna majina ya watu humo? Namba tano zinampeleka mtu mpaka mlangoni. Choo cha jumuiya sawa, kila mtu akijue kilipo, ila kama kuna kaya zenye wagonjwa hizo kabla hamjasambaza faili zipunguzeni zibaki tatu na majina yatoke, zile kamili abaki nazo mtu mmoja mnayemwamini.

mdau_tandale
Zipo kaya mama, safu ya mwisho ina majina na namba za simu. Naitoa leo kabla faili halijaenda kwa wenyeviti wa mitaa.