Tupeane uzoefu: mwajiri anapimaje na kuinuaje ujuzi wa msingi wa kompyuta wa wafanyakazi wake?

Mleta mada, Dar es Salaam

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninasimamia rasilimali watu katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa za dukani. Kazi ambazo zamani zilikuwa za mtu mmoja wa ofisi ya uhasibu sasa zimemfikia kila mtu: mtunza ghala anaingiza idadi ya katoni kwenye Excel, muuzaji anatoa risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi), dereva anathibitisha mzigo kwa simu, na msimamizi anatengeneza namba ya malipo ya serikali. Pamoja na hayo, ni waajiri wachache wanaojua kwa hakika nani anaweza nini.

Dodoso la kujipima halikutusaidia, kwa sababu karibu kila mtu alijaza kwamba anajua vizuri, na sioni kosa lao. Nani atakayemwandikia bosi wake kwamba hajui? Tukaamua kupima kwa kazi yenyewe. Mfanyakazi anafungua barua pepe, anapakua ankara iliyoambatishwa, anaihifadhi kwenye folda ya mwezi husika, anarekebisha kiasi kimoja, kisha anairudisha kwa aliyeituma. Wengi hawakukwama kwenye barua pepe. Walikwama baada ya kupakua, kwa kuwa hawakujua faili limekwenda wapi. Ni watu waliojifunzia teknolojia kwenye simu, ambako picha na nyaraka hujitokeza zenyewe, na hakuna aliyewahi kuwaeleza folda ni nini. Somo hilo moja la mahali faili linapokaa liliondoa nusu ya usumbufu wa ofisi yetu.

Naomba nanyi mtueleze mlivyofanya.

Mhasibu, Mwanza

Ahsante kwa mada, ndugu. Kwetu kikwazo kilikuwa aibu. Tuna karani mtu mzima, mama anayeheshimiwa na ofisi nzima, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimpa kijana wa jirani kazi zake za kompyuta azimalizie kimyakimya. Mkurugenzi alipotangaza upimaji, watu wa umri wake walidhani ni njia ya kuwapunguza kazini. Kilichosaidia ni barua fupi iliyosainiwa, yenye kueleza kwamba matokeo hayataingia kwenye faili la mtumishi wala kugusa mkataba, na kwamba kila mmoja atapimwa peke yake, si mbele ya wenzake.

Walimu pia tuliwachagua kwa uangalifu. Fundi wa kompyuta ni hodari, lakini ana haraka: anakunyang'anya kipanya, anamaliza tatizo, nawe unabaki ulivyokuwa. Karani aliyejua kidogo zaidi ya mwenzake alifundisha vizuri kuliko fundi, kwa kuwa alikumbuka mahali alipokwama mwenyewe. Yule mama sasa anaandaa ritani ya VAT na kuiwasilisha kabla ya tarehe 20 bila kumwita mtu.

Muuguzi kiongozi, Moshi

Naomba niongeze jambo ambalo waajiri wengi hulisahau wanapopima, nalo ni usalama. Wodini kwetu zamu nzima ilikuwa ikitumia nenosiri moja, lililobandikwa pembeni ya kioo cha kompyuta. Mtu anaweza kuandika haraka na kupanga majedwali vizuri, na bado akaacha taarifa za mgonjwa wazi mbele ya kila apitaye. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hili si la hiari tena kwa taasisi inayotunza taarifa za watu. Kipimo chetu sasa kinamtaka mfanyakazi aingie kwa akaunti yake, atoke anapoondoka, na aeleze atafanya nini akipokea ujumbe unaomwomba nenosiri.

Mafunzo tunayatoa ndani ya saa za kazi, kwa vipindi vifupi. Kumwita muuguzi aliyetoka zamu ya usiku aje kujifunza kompyuta ni kumwonea.

Msimamizi wa mapokezi, Zanzibar

Vijana wetu ni mahiri wa WhatsApp na Instagram, hivyo uongozi ulidhani hakuna cha kuwafundisha. Tatizo lilijitokeza kwenye tarehe: mgeni wa Marekani akiandika 04/05 anakusudia tarehe 5 Aprili, nasi tunasoma tarehe 4 Mei. Tangu hapo tunawapima kwa barua pepe halisi za wageni, baada ya kuondoa majina.

Mwajiri, Nairobi

Kuhusu gharama, sisi Kenya tunalipa tozo ya NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani) ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na mwajiri anaweza kuomba kurejeshewa sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Ombi linatangulia mafunzo, kwa hiyo fuatilieni mapema. Sisi tulianza na wale wanaotoa ankara za eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi), kwa kuwa kosa lao linamgharimu mteja pia.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Hoja ya nenosiri naipeleka kwa uongozi wiki hii. Kwa wanaotafuta mwongozo wa jumla, mfumo wa ujuzi wa kidijitali wa Umoja wa Ulaya uitwao DigComp, toleo la 2.2 la mwaka 2022, una nyanja tano: taarifa na data, mawasiliano na ushirikiano, utengenezaji wa maudhui, usalama, na utatuzi wa matatizo. Nasi tulizitumia kukagua kama tumesahau kitu, lakini maswali yenyewe tuliyatunga kutokana na kazi za ghalani.

Bado natafuta namna nzuri ya kuwapima madereva, ambao hawagusi kompyuta kabisa na kazi yao yote iko kwenye simu, mara nyingi mahali pasipo na mtandao. Mwenye majaribio aliyokwisha kuyatumia kwao ayaweke hapa, na aeleze pia waliyapokeaje.